Sauti Mbili Zikilingana

Ukitaka kujua kama zumari mbili zimelingana, usimuulize mpigaji. Mpigaji atakwambia zimelingana hata kama zinatukanana, kwa sababu ngoma imeshapamba moto na yeye anataka aonekane. Niulize mimi, Mbaraka wa Kiegeani. Kwa miaka thelathini hapakuwa na harusi ya maana hapa Mafia, kuanzia Bweni mpaka Ras Kisimani, iliyopigiwa zumari ambazo hazikupita kwanza mikononi mwangu. Najisifu? Najisifu. Sikio langu ndicho kitu pekee nilichojaliwa kuwashinda wenzangu, na ndilo lililoniulia mwanangu, kwa hiyo niacheni nilisifu kidogo kabla sijalisema vibaya.

Kazi ya kulinganisha zumari ni hii. Unakaa na wapigaji wawili, unawaambia wapulize sauti moja. Wewe una kisu kidogo cha kunyolea ulimi wa zumari, ule unaotengenezwa kwa jani. Wanapuliza, unanyoa, wanapuliza tena. Zikiwa mbalimbali unasikia sauti mbili, kila mtu na lake. Zikikaribiana kinazuka kitu cha tatu: sauti inaanza kupanda na kushuka, wau, wau, wau, kama mtu anayesema huku anatikiswa mabega. Sisi tuliyaita mapigo. Hayatoki kwa zumari hii wala kwa ile, yanatoka kwenye tofauti yao. Tofauti ikiwa kubwa, mapigo ni ya haraka. Ikipungua yanakwenda polepole, polepole zaidi, mpaka yanatulia kabisa. Hapo fundi anaweka kisu chini na kusema alhamdulillahi. Mkono wangu uliyajua hayo bila kuniuliza.

Mwaka ule ulikuwa wa tatu wa vita ya Wazungu. Waingereza walikuwa wamekwisha kumfukuza Mdachi hapa kisiwani, tukadhani yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza walikuwa wanatuhitaji. Wakachukua vijana kwenda kubeba mizigo ya jeshi Rufiji. Kariakoo, ndivyo watu walivyoita. Katika waliochukuliwa alikuwamo Muhidini, mwanangu wa pekee. Waliambiwa miezi mitatu. Mwezi wa tano ndipo aliporudi mtu mmoja wa Kiegeani, miguu imemvimba, akatwambia kwamba masika yameigeuza Rufiji nzima kuwa bahari, kwamba kambi ya wapagazi imezingirwa na maji, na kwamba Muhidini yu hai lakini anahara damu.

"Dawa hawapewi?" mke wangu Mwanamkuu akamuuliza.

"Dada yangu," yule mtu akasema, "pale mgonjwa anapewa nafasi ya kulala. Na hiyo nafasi yenyewe ina maji."

Mwanamkuu hakulia. Alinigeukia akasema, "Baba Muhidini, nenda Kilindoni kwenye simu ya upepo. Habari zinafika pale kabla ya watu. Kateke maji, kafagie, kafanye lolote, lakini kaa pale mpaka usikie mwanetu anarudi lini." Nikaenda kesho yake.

Kituo cha simu ya upepo kilikuwa banda la makuti lenye milingoti miwili nje na waya katikati yake. Ndani alikaa Mwingereza mmoja, Sajini Pelamu, ambaye watu walimwita Bwana Masikio kwa sababu kutwa alivaa vikombe viwili vyeusi vya kusikilizia. Nikapata kazi ya kuteka maji. Siku ya pili tu nikamgundua: nikimsalimu kwa nyuma hanijibu, nikimsalimu kwa mbele ananitazama midomo. Homa ilikuwa imemshika mara nyingi, akanywa kwinini mpaka masikio yakaanza kulia yenyewe, na sauti zote nyembamba zikampotea. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo tusemavyo. La Sajini Pelamu liliuawa na dawa yenyewe. Alificha, maana wakubwa wake wangejua wangempeleka bara kushika bunduki. Mimi simlaumu. Mafia nzima mwaka ule kila mtu alikuwa anakwepa kupelekwa bara.

Asubuhi moja nilimkuta analitukana sanduku lake. Sanduku lilikuwa zima, alisema, lakini halisemi. Kwa kukata tamaa akachukua vikombe vingine, akanivisha mimi. "Wewe nasikia kitu?"

Nilisikia filimbi nyembamba sana, inakatika na kuunganika. Nikamwambia ipo, ila iko juu, nikamwonyesha kwa mkono, juu ya kichwa. Akanishikisha kigurudumu kilichokuwa usoni mwa sanduku. Nikakizungusha taratibu, sauti ikateremka, ikanenepa, mpaka ikawa kama ya mtu mzima anayeguna. Sajini akaruka kitini. "Hapo! Hapo!" Akaanza kuandika mbio, maana mikato ile, mifupi na mirefu, ndiyo iliyokuwa herufi. Tangu siku ile sikuteka maji tena.

Alinieleza mambo ya lile sanduku kwa Kiswahili chake cha kambini. Simu za zamani, alisema, zilipiga kelele zenyewe angani, na mtu akizisikia amezisikia. Hizi mpya za bara zinatoa wimbi laini, lisilo na kishindo, tena lenye mbio ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzipata. Linafika, linaingia ndani ya sanduku, na wewe umekaa hapo huna habari. Kwa hiyo mle ndani mna taa ya kioo, na taa ile inatengeneza wimbi lake yenyewe, lenye mbio karibu sawa na za yule mgeni.

"Moja natoka bara," alisema, akiinua kidole. "Moja natoka hapa nyumbani. Nakutana ndani. Ile kidogo moja nazidi ingine, ile ndiyo sikio yako naweza."

Nilicheka mpaka akakasirika. "Bwana," nikamwambia, "hayo ni mapigo. Umetoka kwenu Ulaya kuja kunifundisha mimi mapigo?" Nikamweleza habari za zumari, kisu na jani. Alisikiliza akinitazama midomo, kisha naye akacheka, akanipa mkono.

Tofauti ya kazi yake na yangu ilikuwa moja, naye aliniambia waziwazi. Mimi nilizoea kutafuta pale tofauti inapokwisha. Yeye alitaka ibaki kidogo. "Chini," alisema, "lakini hapana chini kabisa. Chini kabisa nakufa." Wimbi la bara na la nyumbani yakilingana sawasawa, hakibaki kitu cha kusikia, kule wanasema, na huku wewe unasikia kimya. Na masikio yake yalitaka sauti nene, yaani karibu sana na kile kimya. Tena taa ikipata moto wimbi lake lilihama, na mtu akisogeza hata kifua chake karibu na sanduku lilihama. Ilinibidi nikae wima kama bwana harusi, mkono kwenye kigurudumu, nikiirudisha sauti mahali pake kila ilipotaka kutoroka. Niliweza. Hakuna mwingine pale ambaye angeweza.

Kila siku saa tatu asubuhi bara walisema, nasi tulisikia. Kujibu hatukuweza, chombo cha kujibia kilikuwa kwenye manowari, na manowari ilikuwa imekwenda zake. Kila walipomaliza nilimuuliza Sajini kama kuna habari ya wapagazi. Alipekua karatasi zake na kunisomea: unga, risasi, nyumbu. Nyumbu walitajwa kila siku, wangapi wazima na wangapi wamekufa. Watu hawakutajwa. Nikirudi Kiegeani siku za mapumziko Mwanamkuu alinitazama usoni tu, akaingia ndani bila kuuliza.

Jumatano moja Sajini Pelamu alinipokea na uso wa haraka. Jana yake bara walikuwa wamesema kwamba kambi inahamishwa kwa ajili ya maji, na kwamba leo watasema kwa mara ya mwisho, kisha chombo chao kifungwe kipakiwe. Stima ndogo iliyotia nanga Kilindoni iliamriwa iwashe moto ingoje neno. Nikauliza neno la nini. Hakujua.

Nikakaa, nikashika kigurudumu. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya makuti. Saa tatu sauti ikaja, nyembamba, na mimi nikaiteremsha mpaka kwenye unene anaoutaka Sajini, nikaishika hapo. Akaandika mstari, akaandika wa pili. Mara akanigeukia. Sijapata kumwona Mzungu anamfurahia mtu mweusi namna ile. Akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi:

"Wapagazi! Wagonjwa sitini, watu ya Mafia! Nateremka mtoni na mtumbwi. Stima nakwenda kuchukua yeye Ijumaa!"

Kisha akainamia karatasi yake, akaendelea.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Niliinama mbele bila kujijua, kifua kikakaribia sanduku, na sauti ikashuka, ikaanza kutikisika: wau, wau, wau. Mkono wangu ukafanya ulichokifanya kwa miaka thelathini. Ulizungusha kidogo, unywele mmoja tu. Mapigo yakaenda polepole, polepole zaidi, yakatulia.

Nitasema kweli, maana mbele za watu sijapata kuisema: nilifurahi. Ile raha anayoijua fundi pale zumari mbili zinapokuwa moja ilinishuka kifuani, ikachanganyika na furaha ya mwanangu, nikaona kila kitu kimekaa mahali pake. Ndani ya kile kimya nilisikia vishindo vidogo vidogo, tk, tk, mfano wa punje za mchele zinazoangukia ungo. Nikadhani ni mvua.

"Wapi?" Sajini akauliza, kalamu mkononi.

"Wamenyamaza, Bwana," nikamjibu.

Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Tukangoja. Nilifikiria kitanda tutakachomlaza Muhidini, uji atakaopikiwa, na mganga tutakayemwita. Nilifikiria namna nitakavyoingia uani kwetu na Mwanamkuu atakavyoniona usoni kabla sijafungua kinywa. Kisha jasho likaniingia jichoni, nikauinua mkono kutoka kwenye kigurudumu nijifute.

Sauti ikaruka kutoka kimyani, nene, safi, kama mtu amesimama mlangoni. Ilipiga herufi tatu au nne, ikakatika. Sajini akaziandika, akazitazama.

"Hii kwisha," akasema. "Hii nafunga." Akarudi kwenye mstari wa juu yake, akausoma kwa kidole, na mimi nikautazama uso wake. Maneno ya mwisho kabla ya kimya, aliniambia, yalisema stima iende kwenye mdomo wa… Baada ya hapo palikuwa na karatasi tupu.

Rufiji haina mdomo mmoja. Kuna Simba Uranga, kuna Kikunya, kuna Kiomboni, kuna Msala, na kati yake kuna vijito ambavyo majina yake wanayajua wakata mikoko peke yao. Sajini aliniuliza kimetokea nini. Nikamwambia, "Ni mvua, Bwana." Nilidanganya: nilikwisha kujua ni mkono wangu, nikaogopa, na ulimi ukatangulia. Naye akaandika hivyo hivyo kwa wakubwa wake, kwamba hali ya hewa iliharibu maneno, kwa sababu angeandika vingine wangemuuliza kwa nini mteka maji ndiye aliyekuwa anashika chombo. Tukasitiriana. Tulisikiliza mpaka adhuhuri, na kesho yake tukasikiliza kutwa nzima, nikikizungusha kigurudumu kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Hapakuwa na kitu. Chombo cha bara kilikuwa kimeshafungwa.

Nahodha wa stima alichagua Simba Uranga, kwa kuwa ndiko vyombo vikubwa huingilia. Mtu yeyote mwenye akili angechagua huko huko. Alingoja pale Ijumaa kutwa, akarudi Jumamosi na machela zake tupu.

Alhamisi iliyofuata ikatia Kilindoni mashua ya mkata mikoko mmoja aitwaye Shaibu. Juu ya boriti zake walikuwa wamelazwa watu kumi na mmoja. Aliwakuta Kiomboni. Wengine, alisema, amewafukia pale pale kwenye tope, pasipo sanda, maana hapakuwa na mtu mwenye nguo nzima. Niliwatazama wale kumi na mmoja usoni, mmoja mmoja, nikarudia, nikarudia tena.

Shaibu aliponiona nazunguka alinifuata. "Shikamoo, mzee wangu. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Muhidini wa Kiegeani. Kijana mrefu, ana kovu kidevuni."

Akanishika mkono, nami nikajua. "Nilimkuta Jumatatu, bado anasema. Jumanne alfajiri amefariki. Nilimsomea mimi mwenyewe."

"Alisema nini?"

Shaibu alisita. Nikamwambia aseme, mimi ni babaake.

"Alisema Ijumaa waliuona moshi wa stima unapita mbali kuelekea kaskazini. Wenye nguvu wakavua mashati wakapunga. Wenzake walianza kulia, yeye akawakataza. Akawaambia, msilie, simu imepigwa nikiona kwa macho yangu, wanajua tulipo. Watarudi tu."

Tulimswalia swala ya ghaibu msikitini kwetu Kiegeani. Watu wakanipa pole, na juu ya pole wakaniongezea sifa. Fundi Mbaraka kajitahidi, walisema, kakaa kwenye simu ya Wazungu wiki kwa wiki kwa ajili ya mwanawe. Wabaya ni wale wa bara waliokatiza maneno. Jirani yetu Kidawa alimwambia Mwanamkuu nikisikia, "Mumeo kafanya yake yote, bibi wee. Yaliyobaki ni ya Mungu." Nililishwa sifa hizo pamoja na wali wa matanga, siku tatu, na nilivimeza vyote.

Siku ya nne asubuhi watu walipotawanyika nilimkuta Mwanamkuu uani, anakunja mikeka tuliyoazima.

"Mama Muhidini," nikamwambia, "hawakukatiza maneno. Niliyekatiza ni mimi."

Akauweka chini mkeka aliokuwa nao, akaketi juu yake. Nikamweleza yote. Nikamweleza wimbi la bara na wimbi la nyumbani, kwamba kinachosikika ni tofauti yao, na kwamba mkono wangu uliiondoa ile tofauti kwa sababu ndiyo kazi uliyofundishwa. "Mazoea yana taabu," nikasema, na papo hapo nikaona aibu kumletea methali mama aliyefiwa.

"Kwa hiyo walikuwa wanasema," akasema.

"Walikuwa wanasema."

"Na wewe umevaa vile vikombe."

"Nimevaa."

"Muda gani, Baba Muhidini?"

Saa sikuwa nayo, lakini muda ule nilikuwa nimeshaupima mara nyingi kuliko alivyodhani. "Kama kusoma sura ya Tabaraka," nikajibu. "Kwa mwendo wa kawaida."

Nilitegemea anilaani. Nilitegemea apige ukelele watu warudi, nami ningemshukuru. Aliinuka, akachota maji kwa kata, akatawadha, akajifunika kanga kichwani, akarudi kuketi mbele yangu. Akaanza kuisoma Tabaraka kwa moyo, tangu bismillahi, si kwa haraka wala kwa kuvuta, macho yake kwenye uso wangu.

Sikuthubutu kusogea. Aya zake ni thelathini. Nilikuwa nimeisoma tangu utotoni na sikuwahi kuiona ni ndefu. Kufika aya ya tano wangekuwa wameshalitaja lile jina. Kufika ya kumi wangelirudia, kama walivyozoea kurudia kila neno kubwa. Na aya zilikuwa zinaendelea kuja, moja baada ya nyingine, na mimi ndani ya kila moja nimekaa wima na mkono wangu kwenye kigurudumu, nimeridhika. Alipofika pale Mwenyezi Mungu anapotukumbusha kwamba ametupa masikio na macho na nyoyo, hakuongeza sauti wala hakuipunguza. Alisoma mpaka mwisho.

"Kiomboni," akasema. "Neno moja tu."

Kisha akainuka, akaokota mkeka wa watu, akaendelea kuukunja.